Namna ya kusoma vitabu vya kale vya kuku na kuvitumia bandani kwako Nyanda za Juu Kusini

Uliza kuku wa Malawi sokoni Mwanjelwa, utaoneshwa kuku mweusi tii ambaye manyoya yake yakipigwa jua hutoa ukijani kama mgongo wa mbawakawa. Muuzaji atakuapia kwamba kavuka naye Kasumulu juzi. Huenda ni kweli, ila Kasumulu ni kituo chake cha mwisho tu. Jina la kuku huyo ni Black Australorp. Kabla ya Malawi alitoka Australia, na huko mababu zake walikuwa Black Orpington wa Uingereza, waliotengenezwa na William Cook kwenye kijiji cha Orpington, Kent, mwaka 1886. Cook alichanganya kuku wa aina tatu: Minorca, Langshan na Plymouth Rock. Husimuliwa kwamba alitaka rangi nyeusi ili masizi ya London yasionekane kwenye manyoya. Waaustralia wao walihesabu mayai. Katika mashindano ya 1922 hadi 1923, kuku sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, wastani wa 309 na nusu kwa kila mmoja.

Anayekuuzia vifaranga hakwambii haya. Yamo kwenye vitabu vya zamani vya wafugaji, vyenye picha za majogoo waliovimba vifua kama machifu, na tangu nilipoanza kuvisoma, jioni zangu za Kihesa hazijawahi kutulia. Mke wangu ananiuliza kama nafuga kuku au nafuga karatasi.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuvitumia kweli. Msimamo wangu nautoa mapema: chukua kwa wafugaji wa kale macho yao na mikono yao. Dawa zao waachie.

Kuvipata

Njia rahisi ni simu. Maktaba za mtandaoni kama Internet Archive, HathiTrust na Biodiversity Heritage Library zimeweka bure vitabu vingi vya kuku vilivyochapishwa kabla ya 1920. Vyenye picha za rangi ni vizito mno, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku. Vingi ni vya Kiingereza, vingine vya Kijerumani. Kiingereza chake ni cha kizamani lakini hakisumbui, kwa sababu mtu anayeeleza kuku anaeleza mguu, bawa na mkia. Ukishika maneno 50 umeingia.

Kwa karatasi halisi, zungukia misheni za zamani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakafika Peramiho mwaka 1898, na Wakonsolata wakaja Tosamaganga baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Misheni hizo zililima na kufuga, na palipo na shamba la misheni mara nyingi pana kabati la vitabu. Ukienda kuomba kuangalia, nenda na barua, usiende na begi. Wameibiwa vya kutosha.

Anza na Lewis Wright. Kitabu chake kidogo cha 1867, The Practical Poultry Keeper, kiliandikwa kwa mtu wa kawaida mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba. Mwaka huohuo W. B. Tegetmeier, aliyekuwa akiandikiana barua na Charles Darwin kuhusu njiwa na kuku, alitoa kitabu kikubwa chenye michoro ya Harrison Weir. Michoro hiyo ni mizuri, ila itazame kama unavyotazama picha za harusi: mchoraji alimpamba kuku jinsi mwenye kuku alivyotaka aonekane.

Soma mwaka kwanza, kisha muulize mwandishi alikuwa anauza nini

Kabla hujafika sura ya kwanza, tafuta mwaka wa kuchapishwa na uuandike kwa penseli kwenye daftari lako. Mwaka huo ndio unaokwambia kitabu hakijui nini.

Mdondo, ambao wengine tunauita kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle upon Tyne, na ndio mji wa Newcastle ulioupa ugonjwa jina la Kizungu. Kitabu cha 1910 kwa hiyo hakiujui ugonjwa unaomaliza banda zima Wanging'ombe kwa siku nne. Kitakupa sura ndefu ya mafua na kipindupindu cha kuku, utafikiri umeshajikinga. Vitamini D ilipewa jina mwaka 1922, na vitamini B12 ilipatikana mwaka 1948. Ndiyo maana waandishi wa zamani walihangaika na vifaranga wanaolegea miguu wakati wa baridi bila kujua kwamba tatizo ni kukosa jua. Walisisitiza pia mabaki ya nyama na maziwa mgando bila kuweza kueleza sababu. Hapo walikuwa sahihi: dagaa wa Nyasa ndani ya pumba wanafanya kazi ileile.

Sura ya magonjwa ibane kwa klipu, usiifungue mbele ya kijana wa banda. Humo mna arseniki, kalomeli ambayo ni zebaki, mafuta ya taa ya kunywesha. Dhidi ya mdondo tunayo chanjo ya I-2, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, na bwana mifugo wa kata anajua inakopatikana. Hakuna ukurasa wa kale unaoshindana na tone hilo.

Swali la pili ni la biashara. Wengi wa waandishi hao walikuwa wakiuza kuku na mayai ya kutotolesha. Miaka ya 1840 kuku wakubwa wa Asia walipofika Uingereza na kuingia hadi kwenye mabanda ya Malkia Victoria, watu walipandwa na wazimu. Maonyesho ya kuku yalifanyika London mwaka 1845 na Boston mwaka 1849, na bei zikapaa hadi jozi moja ikawa mali ya kuweka rehani. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, George Burnham, alivuna sana. Soko lilipoanguka, mwaka 1855 akaandika kitabu akicheka jinsi alivyowapata wateja. Unayekumbuka kware huhitaji mfano mwingine. Yai la kware lilikuwa linatibu kila kitu, mpaka siku kila nyumba ilipokuwa na kware na hakuna wa kumuuzia.

Badilisha vipimo, halafu geuza dunia

Inchi moja ni sentimita 2.54, ratili ni gramu 454, wakia ni gramu 28. Hayo simu itakufanyia. Shida iko kwenye joto, na hapa naomba unisikilize kwa sababu nimelipa ada.

Kitabu cha zamani kitakwambia mayai yatotoleshwe kwa nyuzi 103 za Farenhaiti, yaani 39.4 za Selsiasi. Nilipokopa pesa nikanunua mashine yangu ya kwanza, nikaiweka hapo kwa kujiamini kabisa, mayai 56 ya kienyeji ndani. Siku ya 21 ikapita, ya 22 ikapita. Siku ya 23 nikavunja yai moja, nikakuta kiinitete kidogo kilichokauka kwenye ganda. Yote yalikuwa hivyo. Mashine za zamani zilikuwa sanduku lenye taa ya mafuta, zisizo na feni. Hewa ya juu ilikuwa ya moto kuliko ya chini, na kipimajoto kiliwekwa usawa wa mgongo wa yai. Mashine ya sasa yenye feni inazungusha hewa sawasawa, na joto lake ni 37.5. Tofauti ya nyuzi mbili hivi ilinigharimu vifaranga wote.

Jambo la pili ni jua. Vitabu hivi viliandikwa kaskazini mwa dunia, kwa hiyo vyote vinasema upande wa wazi wa banda uelekee kusini. Ukifanya hivyo Njombe, umewapa kuku mgongo wa jua. Iringa na Mbeya tuko kati ya nyuzi 7 na 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaba Makete na umande kuganda Kitulo, jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na upepo wa baridi unatoka kusini mashariki. Geuza maelezo yao: upande wa wazi uangalie kaskazini, ukuta mzima uwe kusini na mashariki.

Wazo lenyewe la upande wa wazi lishike kwa mikono miwili. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji wa Marekani, kwenye majimbo yenye theluji, waligundua kwamba kuku waliofungiwa kwenye mabanda yaliyozibwa waliugua kuliko waliolala kwenye banda lenye kuta tatu na wavu mbele. Kuku anavumilia baridi, hawezi kuvumilia unyevu na mvuke wa mbolea yake mwenyewe. Ingia saa kumi na mbili asubuhi kwenye mabanda yetu mengi ya Mafinga wakati wa kipupwe, yaliyozibwa kwa viroba na maturubai: macho yatakuchonyota kabla hujamwona kuku. Ziba nyuma na pembeni, acha mbele, na weka vichanja vya kulalia nyuma kabisa upepo usikowafikia. Vifaranga wa wiki tatu za mwanzo hawahusiki hapa, hao wanahitaji bruda, yaani sehemu ya kulelea yenye joto.

Mpime mtagaji kwa vidole

Mwaka 1913 hivi Mmarekani aitwaye Walter Hogan alieneza njia ya kumjua mtagaji kwa mkono, na kitabu chake The Call of the Hen bado kinanifaa. Nakuonesha jinsi ninavyofanya.

Subiri jioni kuku wakishapanda kichanjani. Mchukue taratibu, kifua chake kikae juu ya kiganja chako cha kushoto, kichwa kikielekea kwenye kiwiko, miguu imebanwa katikati ya vidole. Sasa mkia umeelekea mbele, mkono wa kulia unaufikia. Chini ya tundu la kutagia, kushoto na kulia, utagusa ncha mbili za mifupa myembamba ya nyonga. Lalisha vidole vya mkono wa kulia katikati yake. Kidole kimoja tu kikipenya kwa shida, hatagi. Vikiingia viwili vipana au vitatu, anataga sasa. Halafu pima kushuka, kutoka kwenye ncha hizo hadi mwisho wa mfupa wa kidari. Vidole vitatu au vinne na tumbo laini kama unga uliokandwa vizuri ni dalili njema. Mifupa ya nyonga iliyonenepa kwa mafuta, migumu, ni ya kuku anayekula bure. Tundu lenyewe likiwa pana na lenye unyevu, upanga mwekundu na wa moto ukiugusa, ushahidi umetimia.

Kipimo hiki kinasema anataga leo. Hakisemi atataga mangapi mwaka mzima, ingawa Hogan mwenyewe alitaka kuamini hivyo. Kuku anayeatamia atakuwa amebana nyonga na bado ni mama bora, kwa hiyo usimchinje kabla ya kuuliza kama ametoka kulea. Kuku wetu wa kienyeji hukisiwa kutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na mwezi wowote utakuta nusu ya banda limepumzika. Pima mara tatu, wiki mbili mbili, ndipo uhukumu.

Alama kati ya vidole vya miguu

Hili ndilo jambo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu halina gharama na linakata ubishi.

Kifaranga ana vidole vitatu vya mbele kila mguu, na katikati yake tando mbili za ngozi. Miguu miwili, tando nne. Kila utando unaweza kutobolewa au kuachwa, kwa hiyo unapata mipangilio 16 tofauti ukihesabu na wa kutotoboa kabisa. Wafugaji wa zamani walimpa kila mama, au kila ukoo, mpangilio wake. Miaka minne baadaye, pete ya plastiki imekatika na daftari limeliwa na panya, unamgeuza kuku miguu juu na unajua ni binti wa nani.

Fanya siku kifaranga anapokauka, kabla hajachanganyikana na wengine. Tafuta kitobolea chenye tundu la milimita 2 hivi. Mimi niliazima kwa fundi viatu, nikakichemsha, kisha nikakifuta kwa spiriti. Mshike kifaranga mgongo ukiwa kiganjani, tandaza vidole vyake dhidi ya mwanga wa dirisha. Utando unaonekana kama karatasi ya nailoni, na mshipa mwembamba unapita kando. Kaa katikati ya utando, mbali na mshipa, bana mara moja kwa uthabiti. Atalia kidogo, ukimweka chini anakimbia. Kisha angalia: kiduara cha ngozi kimetoka chote? Kikibaki kinaning'inia, kitajishona chenyewe na kwa wiki mbili alama imepotea. Nimepoteza ukoo mzima kwa uvivu wa kutokagua hapo.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku chora miguu kumi na sita, kwa kalamu, na uandike jina la ukoo chini ya kila mchoro.

Majirani watatu, majogoo watatu

Wafugaji wakubwa wa zamani hawakuogopa damu ya karibu. Isaac Felch wa Massachusetts, mfugaji wa kuku aina ya Brahma, alichora chati ya kurudisha mabinti kwa baba na wana kwa mama kwa hesabu maalumu, na chati hiyo bado inapita mikononi mwa watu. Usiianze. Inahitaji vifaranga wengi na moyo wa kuchinja wengi, na mwenye kuku kumi atafika haraka kwenye mayai yasiyoanguliwa.

Iliyo salama kwetu ni ya koo tatu zinazozunguka, na uzuri wake haihitaji mabanda matatu. Inahitaji majirani watatu wanaoelewana. Sisi tuliziita Ruaha, Rungwe na Kitulo. Kila nyumba ina majike wake na jogoo asiye ndugu wa majogoo wengine. Vifaranga wakikua, mabinti hubaki nyumbani kwa mama yao. Jogoo kijana bora wa Ruaha anahamia Rungwe, wa Rungwe anahamia Kitulo, wa Kitulo anakwenda Ruaha. Jogoo mzee hapewi nafasi ya kukaa na binti zake, anaingia sufuriani au anauzwa. Mwaka unaofuata mnarudia, upande uleule wa mzunguko bila kugeuza.

Ugumu uko njiani. Kuku wetu wanazurura, na jogoo wa mtu wa nne hajasoma kitabu. Mbegu ya jogoo hukaa ndani ya jike kwa muda wa wiki mbili na zaidi, kwa hiyo wafungie majike mliowachagua na jogoo wao wiki tatu nzima kabla ya kukusanya mayai ya kuangulisha. Mayai yenyewe yasizidi siku saba, yakae mahali pa baridi, ncha kali ikiangalia chini. Kuhusu jogoo yupi ni bora, mnakutana watatu, mnapima uzito siku moja, mnabishana. Kwetu ubishi huo huchukua nusu siku na huisha kwa ulanzi.

Kitabu ambacho hakijaandikwa

Waliotunga viwango vya Marekani, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1874, walikaa wakaandika kila aina inatakiwa iweje: upanga, rangi ya mguu, pembe ya mkia. Kuku wetu wana majina pia. Kuna Kuchi, Ching'wekwe, Singamagazi, na wapo wanaoitwa Mbeya. Kuna wa kishingo na kidimu mwenye manyoya yaliyojipinda. Walichokosa ni mtu wa kuketi na bibi na kuandika.

Nilienda na daftari kwa bibi mmoja upande wa Kalenga.

"Kamwene bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na karatasi, ni sensa?"

Nikamwuliza kuku yupi ni mzuri. Akasema wote kuku. Nikamwuliza ana mbegu gani. Akasema za kienyeji. Nikakaa kimya, nikajaribu tena: "Bibi, akija mteja na pesa mkononi, kuku gani humpi?"

Hapo akasimama. "Yule wa madoa kama kanga. Mwewe kamjia mara mbili, vifaranga kumi na mmoja, wote hao hapo. Mweupe simfugi, mwewe anamwona toka Ipamba." Akanionesha kipande cha kitenge kilichofungwa kwenye bawa la mtetea mmoja. Ni binti wa huyo wa madoa, ili asije akauzwa kwa bahati mbaya.

Basi swali la kwenda nalo ni hilo. Mengine ya kuuliza: mama yake alitoka kijiji gani, anaatamia mara ngapi kwa mwaka, mwaka wa mdondo nani alibaki. Andika maneno yao kama walivyoyasema, tarehe na kijiji, na piga picha ya kuku kwa ubavu, akiwa amesimama kwenye saruji, na rula pembeni.

Daftari hilo na vitabu vyako vya karatasi viweke juu, mbali na ukuta wa udongo, kwa sababu ya mchwa. Tukuyu na Rungwe adui ni ukungu, kwa hiyo acha nafasi kati ya kitabu na kitabu na uvifungue siku za jua, kivulini. Ukurasa uliochanika usiupige selotepu, itaugeuza njano na kuubandua. Ukinunua kitabu chenye vijidudu, kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, ukiweke friza wiki mbili, kisha ukiache kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Mweleze mwenye friza mapema. Mimi sikueleza, na mke wangu alikitoa akidhani ni utumbo.